Mkwe alazwe kwenye nyumba ya viboko?

Mpenzi msomaji, hivi umewahi kujiuliza mtawala akishaondoka, kitandani kwake anapaswa kulala nani? Maana mtawala huondoka, lakini nyumba haibebeki. Kuna wanaoibomoa, kuna wanaoifanya makumbusho, na kuna wanaotandika mashuka mapya na kukaribisha wageni.

Chukua mfano wa Unguja. Ukipanda gari la Bububu kutoka mjini, njiani unapita Kibweni. Pale ufukweni lipo kasri lililojengwa mwaka 1915, zama za Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 mpaka alipofariki 1960. Mjukuu wake, Jamshid, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mapinduzi ya Januari 12, 1964, yalimfanya akimbie kwa meli, na kasri likawa mali ya serikali, likatumika kwa viongozi na wageni wao. Kwa hiyo kitanda kilitoka kwa mkubwa mmoja kikaenda kwa wakubwa wengine. Sisi walalahoi tunaliona tukiwa dirishani mwa daladala, basi. Afadhali kasri la Forodhani, ambalo tangu 1994 ni makumbusho. Unalipa kiingilio, unaingia, unaangalia. Lakini hulali!

Hata neno Ikulu lina mambo yake. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ikulu ni makao ya mtemi. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu, watemi wakabaki bila madaraka, ila neno lao likapanda cheo. Likaenda kukaa Magogoni, na sasa liko Chamwino pia.

Sasa njoo kwetu Biharamulo. Sisi kitu tunachojivunia juu ya kilima ni Boma la Wajerumani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene kama za gereza, ua katikati. Humo ndimo ilimoamuliwa kodi, humo ndimo zilimochapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja wakamfukuza Mjerumani, baadaye Mwingereza naye akashika nchi, mpaka Uhuru mwaka 1961. Siku zikapita, Boma likaja kuwa nyumba ya wageni. Si wageni wa taifa, la hasha! Mgeni yeyote mwenye hela yake alipewa ufunguo.

Na hapo ndipo nyumba yetu ilipotaka kupasuka.

Miaka michache iliyopita dada yangu alikuwa anaolewa na Mhangaza wa Ngara. Wazee kumi na wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa waje kwa Hiace, wapite Nyakahura na Lusahunga, wafike kwetu jioni ya kuamkia harusi. Nyumbani kulikuwa kumejaa, hata jikoni walikuwa wanalala watu. Kamati ikakaa, baba mdogo akatoa wazo: wakwe walazwe Bomani, pana heshima na upepo mzuri. Wote tukapiga makofi.

Bibi hakupiga. Akauliza taratibu, "Wakwe zangu? Kwenye nyumba ya viboko?"

Baba mdogo akacheka. "Mama, siku hizi ni gesti. Kuna mashuka meupe."

"Kwani shuka linafuta nini?"

Akaeleza kitu ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Babu yake, akiwa kijana, alibebeshwa mawe ya ule ukuta. Aliyeangusha jiwe alilipia mgongoni. Mzee yule mpaka anakufa hakupenda kupita njia ya kile kilima, na bibi mwenyewe, kwenye miaka yake themanini, hakuwahi kuvuka ule mlango.

Baba mdogo akajitetea. "Lakini Mama, Wajerumani waliondoka 1916!"

"Wameondoka wao. Ukuta nao umeondoka?" Kisha akasema kama wakwe watalala kule, yeye harusini haji. Dada akaanza kulia, akasema bila baraka za bibi yeye haondoki. Jamani, zimebaki siku tatu, ng'ombe ameshanunuliwa!

Ikabidi mshenga apige simu Ngara. Baba mkubwa wa bwana harusi akaomba apewe bibi mwenyewe. Simu iliwekwa sauti, wote tukasikia.

"Shikamoo Mama. Sisi huku Ngara mwaka 1994 tulipokea watu kama robo milioni kwa siku moja, wakivuka daraja la Rusumo. Hatukuwa na nyumba ya kuwaweka, wakalala porini kule Benaco. Mgeni anaangalia nani amempokea. Kama mlango utafunguliwa na wewe, tutalala humo. Kama mwenyeji wetu ni yule Mjerumani, tutalala kwenye gari."

Bibi akanyamaza muda mrefu. Kisha akarudisha simu bila neno.

Siku ya siku, saa kumi jioni, akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua fimbo, akasema twende. Tukapanda naye kilima polepole, anapumzika, tunaendelea. Kwenye lango akasimama kidogo, akavuka. Akamwambia kijana wa mapokezi, "Mjukuu wangu, lete funguo." Akafungua vyumba kimoja kimoja kwa mkono wake. Hiace ilipofika, wazee wa Ngara walimkuta mlangoni. "Karibuni kwetu," aliwaambia. Usiku ule palinywewa rubisi pale uani, na hadithi ya mawe ikasimuliwa mpaka watoto wakaacha kucheza.

Nilipomuuliza kama naye atalala, akanikata jicho. "Kufungua nimefungua. Kulala, hapana."

Mimi nasema hivi, msomaji wangu. Wapo wanaodai nyumba za namna hii zivunjwe, zinatukumbusha mateso. Wengine wanasema tusahau, tufanye biashara. Wote sikubaliani nao. Ukuta ule ni mawe ya babu zetu kabla ya kuwa nyumba ya Mjerumani. Tukiuvunja, tumetupa jasho lao. Tukiukodisha kimya kimya, mgeni atasifu Wajerumani kwa ujenzi imara, na wabeba mawe hawatatajwa na mtu.

Wazee wanaojua habari hizi wanazidi kupungua. Kama kwenu kuna boma, kasri au ikulu ndogo, mkalishe bibi au babu leo, muulize ni nani alibeba mawe. Halafu mgeni akija, mwambie kabla hujampa ufunguo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.