Bafle Iliyonguruma Nyumbani Kwetu



Mwezi wa nane papa ya watoto alirudi kutoka kazini Kolwezi na zawadi ya saloni: bafle tano ndogo na moja kubwa ya besi, ile inayokaa sakafuni. Watoto walishangilia. Lakini siku ile ile bafle kubwa ilianza kunguruma. Tele ikiwa kimya kabisa, yenyewe ilisema "mmmm", kama nyuki ndani ya mtungi. Usiku, Katuba ikinyamaza, tuliisikia mpaka kitandani.

Kijana wangu wa miaka 15 alitafuta kwa akili. Kwanza alichomoa waya wa sauti unaotoka kwenye tele, akaiacha bafle na waya wa umeme tu. Mlio ukaisha. "Mama, bafle ni nzima," akasema, "ubaya unaingia kwa njia ya waya." Akaazima waya mwingine kwa jirani, mlio ukarudi vilevile. Akatoa kwenye dekoda waya wa sahani ya antena, mlio ukapungua. Mwishoni akagusa chuma cha nyuma ya bafle. Ukapungua tena, lakini akaondoa mkono upesi. "Mama, inaniuma."

Nikamjibu neno nililozoea kusema: "Vaa sandale."

Ndiyo, neno hilo lilikuwa wimbo wangu. Frigo yetu, ile ninayouzia maji ya baridi na juisi, ilikuwa ikiuma vidole tangu mvua za mwaka uliopita. Kila mara nilisema sandale, nikaendelea na kazi. Na kwa bafle, mtu mmoja alinishauri nikate ile njia ya tere kwenye waya wake, eti mlio utaisha. Karibu nimsikilize.

Siku moja ya joto la mwezi wa tisa, binti yangu mdogo alitoka kuoga, miguu wazi, maji yakimtiririka. Akashika mlango wa frigo. Nilisikia kelele moja tu, nikamkuta chini. Mungu alisaidia, mkono ulikuwa umeachia. Alilia, akanywa chai, akalala. Mimi sikulala.

Asubuhi nilimwita fundi wa umeme. Alikata umeme wote, akafungua prizi ya ukutani. Mnajua kile kidole cha chuma kinachosimama katikati ya prizi? Hicho ndicho cha tere. Nyuma yake hakukuwa na waya hata mmoja. Kilikuwa pambo. Prizi zote za nyumba zilikuwa hivyo.

Fundi alinieleza kwa maneno rahisi. Umeme ukipotea njia ndani ya chombo, unatafuta kushuka ardhini. Nyumba yenye tere inaupa njia ya shaba. Nyumba isiyo na tere inaungoja mwili wa mtu. Na ule mlio ni umeme wenyewe unaoingia kwenye waya wa sauti: unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na bafle ya besi imetengenezwa kwa sauti nzito za namna hiyo. Huko nje, nguzo ya chuma ya sahani yetu imechimbiwa ardhini, basi umeme uliopotea ulikuwa unapita kwenye waya wa antena kuifuata.

Nilicheka kwa uchungu. Mji huu ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na nyumba yangu ilikosa shaba ya kutosha kumlinda mtoto.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika. Nilikuwa nimeiwekea mapazia. Pesa hiyo ilinunua fimbo ya shaba, waya wa kijani na njano mpaka kila prizi, na dijonta ya diferansieli ya miliamperi 30, inayokata umeme mara moja ukianza kuvuja. Fimbo tuliipiga nyuma ya jikoni, panapomwagwa maji ya kufulia, kwa sababu udongo mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri. Kwenye frigo fundi alikuta waya uliochubuka karibu na mota, akaubadilisha. Nguzo ya sahani akaifunga kwenye tere ile ile, na tele, dekoda na bafle akaviweka kwenye ralonje moja.

Tukawasha. Kimya.

Wamama, bafle ikinguruma kwenu, chomoeni waya wa sauti. Mlio ukibaki, ugonjwa uko ndani ya bafle, ipelekeni kwa fundi. Ukiisha, jaribuni waya mwingine, wekeni vyombo vyote kwenye ralonje moja, toeni waya wa antena mwone. Lakini msikate tere ili kunyamazisha mlio: hapo mnaondoa kinga ya mtoto, mnabaki na muziki. Na chombo chochote kikiuma vidole, hata kidogo, kichomoeni siku hiyo hiyo, mwite fundi afungue prizi na kuangalia nyuma ya kile kidole.

Mapazia yangu bado ni yale ya zamani. Binti yangu anafungua frigo bila kuniuliza sandale ziko wapi, lakini bado namwambia azivae.