Ugaga kwanza, bakteria rafiki baadaye

Mimi ni tabibu wa meno, nafanya kazi Mwanza. Wagonjwa wengi wa fizi hunifikia jino likiwa limeshalegea. Damu walishaizoea, wanaitema kila asubuhi pamoja na povu la dawa ya meno. Wengine wameacha kabisa kupitisha mswaki pale panapotoka damu, wakiamini wanapapumzisha, kumbe ndipo panapouhitaji zaidi. Kabla ya kuja kwangu wamepitia duka la dawa, wakameza amoksilini na flajili, maumivu yakatulia, kisha yakarudi.

Siku hizi wapo wanaokuja na swali jipya: hakuna bakteria wazuri ninaoweza kuongeza, badala ya kila siku kuua? Wamesikia habari za probayotiki. Mimi swali hilo nalipenda, kwa sababu anayeuliza hivyo ameshatambua kwamba kinywa chenye afya si kinywa kisicho na vijidudu. Aina zaidi ya 700 za bakteria zimetambuliwa katika vinywa vya watu, na nyingi hazimdhuru mtu. Shida huanza ukoga unapoachwa kwenye mpaka wa jino na ufizi. Ufizi huvimba, kishimo kinachotokea hukosa hewa, na humo hustawi wale wanaoikimbia oksijeni, kama Porphyromonas gingivalis. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Wote walivimba fizi ndani ya wiki tatu hivi, na waliporudia mswaki zikapona haraka. Kila mgonjwa namsimulia habari hiyo.

Je, bakteria rafiki wanasaidia? Katika hali fulani, ndiyo. Aliyechunguzwa sana ni Limosilactobacillus reuteri, anayetengeneza kemikali iitwayo reuterini, yenye uwezo wa kuzuia bakteria wengine wasikue. Huuzwa katika vidonge vya kumung'unya. Watafiti wa Kijerumani waliwapa vidonge hivyo mabaharia wa meli ya kivita, wengine wakapewa vidonge vitupu vinavyofanana navyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: baada ya siku 42 baharini, fizi za waliopata bakteria zilikuwa zinatoa damu kidogo kuliko za wenzao. Lakini mwaka huohuo mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi ulishauri probayotiki zisitumike kama nyongeza ya kusafisha chini ya ufizi kwa wenye ugonjwa uliokwisha kula mfupa.

Sioni kama taarifa hizo mbili zinagombana. Mabaharia wale walikuwa watu wenye afya. Mgonjwa wangu mara nyingi amefika mbali zaidi. Napima kina cha kishimo cha ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita: moja hadi tatu ni kawaida, kuanzia nne ikiambatana na damu nafahamu kuna kazi. Humo ndani nakuta ugaga, yaani ukoga ulioganda kwa madini ya mate, umeshika mzizi kama jiwe. Hakuna bakteria rafiki anayeuyeyusha. Lazima ukwanguliwe kwa chuma, jino kwa jino, na ndiyo sababu sikubali kumpa mtu vidonge ili aikwepe kazi hiyo.

Mama mmoja mfugaji kutoka Kwimba alinielewa kabla sijamaliza kueleza. "Daktari, hata kibuyu tunakisafisha kwanza ndipo tutie maziwa." Tangu siku ile maneno yake nayatumia kwa wengine.

Kuhusu maziwa yenyewe, hapa Mwanza swali la mtindi haliepukiki. Tangu 2004 kuna akina mama waliofundishwa kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Naiheshimu sana kazi ile. Ila bakteria yule alichaguliwa kwa mambo mengine ya mwili, si kwa fizi, na mtindi hupita kinywani kwa sekunde chache tu. Nawaambia wagonjwa waunywe bila sukari, na wakiweza uchukue nafasi ya soda. Hiyo pekee ni faida kwa meno. Wasiuhesabu kuwa tiba ya fizi zinazotoa damu.

Mwenye fizi zilizovimba tu, aliyeondolewa ugaga na anayepiga mswaki vizuri usiku, akitaka kujaribu vidonge simzuii kama fedha anayo. Namwomba asome jina lote kwenye boksi hadi herufi na namba za mwisho, maana bakteria wa jina moja hutofautiana kazi. Streptococcus salivarius K12, kwa mfano, aliyegunduliwa na John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alitafutwa hasa kwa ajili ya maambukizi ya koo. Mwenye kisukari namtaka kwanza anionyeshe vipimo vyake vya sukari, na mwenye kinga dhaifu aongee na daktari wake kabla ya kumeza bakteria hai wa aina yoyote. Kisha wote warudi baada ya miezi mitatu, nipime tena vishimo vilevile.