Trela la Kukunja: Faida, Hasara na Kidole Kimoja

Najua nimekuwa kimya, na najua wengi wenu hupita hapa mkitafuta habari za programu. Leo mniwie radhi, nitaandika juu ya trela.

Kwetu Bungoma ukisema trela, mtu huona lori refu lenye kontena likielekea Malaba. Langu ni dogo sana. Ni chumba kimoja chenye magurudumu mawili, unakivuta kwa gari la kawaida hadi mahali pa kupiga kambi, unalala humo. Tena linakunjwa.

Rafiki yangu, Mkenya mwenzangu hapa Colorado, aliniuliza wiki jana kama anunue la namna hii. Wazazi wake wanakuja kumtembelea, naye ameshaweka pesa kando. Badala ya kumjibu kwa simu nusu nusu, nimeona niandike yote mara moja.

Kwanza, ni kitu gani?

Matrela ya kukunja ya bei nafuu huwa na kuta za turubai. Ni kama hema lililopandishwa juu ya magurudumu. Ninayozungumzia mimi yana kuta ngumu: povu gumu katikati, na ngozi nyembamba ya alumini au plastiki nje na ndani. Kuna yanayosimama kama herufi A, mfano yale ya Aliner: mapande mawili ya paa yanainuliwa na kukutana juu, kisha kuta mbili za pembetatu zinasimamishwa kuziba kushoto na kulia. Kuna aina ya TrailManor, ambapo sehemu moja huingia ndani ya nyingine kama viberiti viwili visivyolingana. Langu ni la herufi A, na jina la aliyelitengeneza nitaliacha.

Nililinunua mwaka 2021 kwa mtu, dola 7,000. Sababu zilikuwa tatu, na zote bado ni za kweli.

1. Maegesho. Chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu hakiruhusu trela kukaa nje. Mlango wa banda langu la gari una kimo cha mita 2.1. Trela likikunjwa lina kimo cha mita moja na nusu hivi, linaingia na nafasi inabaki.

2. Uzito. Gari letu ni Subaru Outback ya injini ya lita 2.5, ambayo inaruhusiwa kuvuta kilo 1,225 tu. Trela tupu ni kama kilo 800. Ukiweka maji, gesi, vyombo na blanketi unafika kilo 1,000. Tungetaka trela refu la kawaida, ingebidi kununua na gari jingine.

3. Upepo barabarani. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya hewa inayokuzuia huongezeka mara nne, na kadiri uso wa mbele ulivyo mkubwa ndivyo mafuta yanavyokwisha. Trela fupi hujificha nyuma ya gari. Sisi hutoka kilomita 12 kwa lita tukiwa na gari peke yake hadi 8 na nusu tukivuta. Jirani yangu mwenye trela refu hafiki hata 5.

Ukiishia hapo utasema hakuna kitu bora duniani. Mimi nilisema hivyo kwa miaka miwili.

Sasa hasara.

Trela la kukunja ni kama faili iliyobanwa. Diski inapumua, lakini kila ukitaka kuisoma lazima uifungue, na ukimaliza uibane tena. Ukifika kambini na kukaa siku nne, hiyo kazi haikuumi. Ukihama kila siku utachoka. Ukisimama njiani mtoto akitaka mkate, mkate uko ndani na nyumba imelala. Ikinyesha wakati unafungua, godoro linalowa kabla hujaingia. Na kila penye bawaba pana mpira wa kuzuia maji, na kila mpira huzeeka. Baada ya majira ya baridi ya kwanza nilikuta godoro lina ukungu upande mmoja. Halafu unaweza kusimama wima katikati tu. Mmoja akipika, mwingine akae.

Hayo yote ungeweza kuyakisia mwenyewe. Haya mawili yanayofuata sikuyakisia.

Mwanzoni mwa Juni 2023 mama alikuja kututembelea. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Alikuwa hajatoka nje ya Kenya kamwe, na mimi nilikuwa sijarudi nyumbani tangu tumzike baba. Nikataka kumwonyesha Yellowstone. Mke wangu alisema tuchukue hoteli. Nikamwambia trela linalaza watu wanne, limeandikwa hivyo kwenye kijitabu, nasi tuko wanne. Hesabu imekubali.

Siku ya kwanza tulipita Laramie tukashika barabara kuu namba 80 kuelekea Rawlins, Wyoming. Kipande hicho kinajulikana kwa upepo. Mabao ya barabarani yalikuwa yanaonya magari marefu mepesi. Tuliona trela kubwa moja limeegeshwa kando, mwenyewe amesimama nje akiwa ameshika kofia. Sisi tukapita kwa utulivu, trela letu limelala chini kama kobe. Nilijisifu sana, mama ni shahidi.

Tulipofika kambini Rawlins upepo ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba sasa kobe alitakiwa kusimama.

Mama alitaka kunisaidia kushika, nikamwambia akae garini. Nikafungua vishikizo na kusukuma pande la kwanza la paa. Upepo ukaingia chini yake, likaninyang'anya mikono, likapanda lenyewe, kisha likarudi kwa kishindo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukingoni. Kidole cha pete kilivunjika mahali pawili.

Kosa lilikuwa langu. Ningeegesha nyuma ya jengo, au ningesubiri jioni upepo upungue, kwa kuwa pande lile ni tanga la jahazi ukilielekeza vibaya. Tulilala moteli, vyumba viwili, na kidole kimefungwa kijiti. Kwa wiki sita zilizofuata sikuwa na kidole cha kubonyeza S, W na X. Jaribu kuandika Kiswahili bila W.

Nilitaka turudi nyumbani. Mama ndiye aliyekataa. Alisema hakupanda ndege mbili kuja kutazama kidole.

Kesho yake mke wangu aliendesha hadi Yellowstone. Tulikuwa tumelipia nafasi Fishing Bridge, kambi iliyo karibu na ziwa, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo hawaruhusu hema wala trela la turubai, kwa sababu dubu wakubwa wa grizzly hupita sana. Ni kuta ngumu tu. Nilifurahi mno. Hii ndiyo faida ya nne, na ni kubwa: kuta hizi hukufungulia milango ambayo turubai hufungiwa.

Mke wangu alifungua trela, mimi nikielekeza kwa mkono mmoja. Dakika ishirini. Binti yetu akaonyesha kukhu wake kitanda, meza inayogeuka kitanda, jiko, na pazia la kutenganisha. Mama akachungulia, akatazama huku na huku, akatabasamu. Kisha akaniuliza kwa upole:

"Nawe baba, utalala wapi?"

Hakuwa anatania. Kwetu mzazi halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, pamoja na mkewe. Jambo hilo halijadiliwi, na pazia si ukuta. Ninalijua tangu utotoni. Ni mimi niliyekaa Marekani nikihesabu vitanda hadi nikasahau kuhesabu watu. Kazini ningemcheka kijana anayeandika programu kabla ya kumuuliza mtumiaji anahitaji nini, na hapo nilikuwa nimefanya hivyo hivyo kwa mama yangu mzazi.

Kupiga hema ni marufuku. Nyumba nyingine hakuna. Kwa hiyo mama, mke wangu na binti yetu walilala ndani ya kuta ngumu, nami nikalala kwenye Subaru na kidole kinachopwita. Usiku baridi ilishuka karibu na sufuri. Kila kilichotikisika nje nilikiita dubu.

Palipoanza kupambazuka mama aligonga kioo, ana vikombe viwili vya chai. Akaingia upande wa abiria, akafunga mlango. Akaniambia kwamba nilipohamia simba yangu, kile kijumba cha vijana, nilikuwa na miaka kumi na minne, na usiku wa kwanza nilirudi kugonga mlango wao nikisema nimesikia fisi. Baba hakuniambia nirudi. Alitoka na kiti akaketi nje ya simba hadi asubuhi, na asubuhi akakirudisha kabla sijaamka. Sikuwa nikijua. Tulikaa humo garini hata chai ikaisha, tukimzungumza baba kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi rafiki yangu, jibu lako ni hili. Ukiwa na banda dogo, gari dogo na familia ndogo, na kama hukai mahali pamoja chini ya siku tatu, nunua. Kabla ya kulipa, lifungue mwenyewe mara mbili, tena siku ya upepo. Pitisha mkono kwenye kila mpira. Nusa godoro. Simama ndani na mkeo mjaribu kupishana.

Lakini kama unalinunua kwa ajili ya wazazi wako, usinunue. Pesa hizo walipie chumba chenye mlango wao na choo chao.

Langu siliuzi. Mama anakuja tena mwakani, na tumeshakubaliana kwenye simu: yeye atalala hotelini, sisi kwenye trela, na chai ya asubuhi atakuja tuinywe garini.