Gharama ya Saa Moja

Wiki hii wanafunzi wangu walibishana kuhusu Interstellar, filamu ya Christopher Nolan iliyotoka mwaka 2014. Wengi walisifu yale yanayojaza macho: wimbi refu kama mlima, na shimo jeusi lililochorwa kwa kufuata milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne. Mmoja akahitimisha kwamba filamu iliyogharimu takriban dola milioni 165 haina budi kutushangaza.

Sikumpinga. Lakini sehemu ninayoikumbuka mimi haina wimbi wala nyota. Cooper, rubani na baba wa watoto wawili, ameshuka kwenye sayari ambako saa moja ni sawa na miaka 7 duniani. Anaporejea chomboni, miaka 23 imekwishapita. Anaketi mbele ya skrini kutazama ujumbe uliorundikana: mwanawe anakua, anapata mtoto, anamzika, kisha anakata tamaa ya kusikilizwa. Cooper analia, wala hawezi kujibu.

Nilipoitazama mara ya kwanza nililia pia. Niliwahi kukaa ughaibuni miaka 4 nikisoma shahada ya uzamivu. Siku niliyorudi, binti yangu, niliyemwacha mchanga, alijificha nyuma ya mama yake na kuuliza, “Mama, huyu mgeni ataondoka lini?” Shahada niliipata, miaka ile sikurudishiwa.

Sisemi kwamba madoido hayana kazi. Pasipo wimbi lile lililowachelewesha, chozi la Cooper lisingekuwa na sababu. Hapo ufundi na fedha vimetumika kutuonesha mtu amepoteza nini. Kinyume chake, filamu nyingi za aina hii hubomoa miji mizima bila kusubiri hata mtu mmoja aomboleze. Tunatoka ukumbini tumeshangaa, wala hatukumbuki jina la aliyekufa.

Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa mazoea ya macho huwa mazoea ya moyo. Baadhi ya vijana hawa kesho watakaa ofisini, waletewe taarifa yenye picha nzuri za barabara mpya na, katika ukurasa wa mwisho, idadi ya kaya zilizohamishwa kuipisha. Natamani wakifika ukurasa huo wasimame, waulize ni akina nani walioishi pale.