Kolelo Haamrishwi

Wapo wanaodhani kwamba kuuita mzimu ni kuutuma kazi. Kwa Kolelo, mzimu wa milima ya Uluguru, mambo hayakuwa hivyo. Wazaramo walipanda toka bondeni wakati wa ukame, wakafika pangoni, wakaomba mvua. Mwenye kuamuru alikuwa Kolelo. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, ilisemekana amekataza watu kulipa kodi ya Wajerumani.

Mimi siamini mizimu, ila adabu ile naiheshimu. Maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, hutoka milima hiyo hiyo. Nasi twafungua bomba bila kumwomba yeyote, huku miti ya huko juu ikikatwa. Aliyeomba alijua kwamba aweza kunyimwa. Je, sisi twajua?