Nani Awaite Askari?

Wengi wetu twadhani kwamba nchi ikipatwa na msiba, askari huja wenyewe. Sivyo. Huko Japani, tangu vita vilivyokwisha mwaka 1945, raia ndio walio juu ya jeshi. Kwa hiyo kwa kawaida gavana wa mkoa ndiye aombaye askari.

Basi na tutazame mji wa Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, nchi ilitetemeka. Watu zaidi ya 6,400 walikufa, wengi mara ile ile nyumba zilipoanguka. Lakini ombi la gavana halikufika jeshini hata saa 4 asubuhi, na kwa waliobaki hai chini ya vifusi kila saa ilikuwa uhai. Mwaka ule ule sheria ikatengenezwa: mkuu wa mji asipoweza kumpata gavana, na apeleke habari jeshini mwenyewe.

Hatusemi ombi liondolewe, kwani askari ajaye pasipo kuitwa leo, kesho aweza kuwa bwana. Twasema hivi: yapasa ijulikane mapema nani ataita, na nani ataita yule asipokuwapo. Maana aliyefukiwa hana sauti. Sisi ndio wa kumwitia.