Mabonge ya maziwa nusura yanikoseshe mke

Mwenzenu nilidhani maziwa mgando nayajua. Si mtoto wa Dar bwana! Ya kwetu kibandani ni laini, unatia sukari, unashushia chapati, kazi imekwisha.

Basi tukapanda basi: Mbeya, Tunduma, Laela, hadi Sumbawanga, naenda kujitambulisha ukweni. Baridi ya Ufipa usiombe, mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maziwa ambayo Dar yanaganda kwa siku moja, kule yanaweza kuchukua mbili, hata tatu.

Mama mkwe akamwaga maji ya juu, akanitilia mabonge meupe kutoka kwenye kibuyu. Sukari hakuna. Nikakunja pua kabla sijajizuia. Kimya! Mchumba akanikanyaga mguu.

"Baba, kama hupendi nikuletee soda," mama akasema, ila jicho lake, msomaji, lilishaandika barua ya kuvunja uchumba.

Nikafumba macho, nikatafuna. Loo! Bonge limeshikana, halafu linateleza, uchachu unakamata ulimi, na ugali wa ulezi wa moto pembeni. Bakuli la pili niliomba mwenyewe.

Mama akacheka, akaita ndani: "Mzee, njoo sasa tuongee na mgeni."